Sauti Iliyofika Mpaka Kongo

Harufu ya lehemu inayoyeyuka hunirudisha Ludara, kijijini kwetu karibu na mpaka wa Kongo, hata leo. Nikipita kwenye kibanda cha fundi simu hapa Arua, moshi ule mchungu ukanikwaruza pua, moyo huanza kwenda mbio kabla akili haijajua kwa nini. Wenzangu hukumbushwa utoto na maandazi. Mimi, lehemu.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Kongo, nyumba yetu ina nusu ya paa, na badala ya kuezeka baba akaingiwa na wazimu wa muziki. Ndivyo majirani walivyosema. Ukweli ni kwamba hakuwa akitafuta muziki. Mama yake, ambaye sote tulimwita Haboba, yaani bibi, alikuwa hasikii vizuri tangu bomu lilipoanguka karibu nasi tukiwa njiani kukimbia. Na mwanawe mdogo, baba mdogo Juma, aliyekuwa askari wa jeshi lililoshindwa katika vita vilivyotukimbiza, alikuwa amekimbilia Sudan akabaki huko. Mfanyabiashara mmoja akatuletea kaseti yake, maana enzi zile watu walirekodi salamu wakatumiana. Tuliipiga kwenye kiredio chetu. Haboba akabandika sikio, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Nasikia nzi," akasema.

Basi baba akaanza kujenga mashine ya sauti. Umeme hatukuwa nao, na mashine kubwa za dukani zilimaliza betri kabla hujamaliza kucheza. "Nguvu kidogo si shida," aliniambia huku nimemshikia waya. "Shida ni spika nzito. Mvivu hata umpe ugali sufuria nzima, atalala tu." Spika yake ilitoka Arua, kuukuu, pana kama ungo, karatasi yake nyepesi hata ukiipuliza inatikisika. Sanduku alilitengeneza kwa mbao za kufungashia tumbaku, akaziba nyufa kwa nta, ndani akajaza pamba ya shambani. Amplifaya ilikuwa kidude kilichotolewa kwenye redio ya gari bovu, unaweza kukificha kiganjani. Chuma cha lehemu alikipasha kwenye jiko la makaa, na mama akawa anamfukuza kila akitaka kuinjika maharage. Betri ya gari tuliipeleka Koboko kwa baiskeli, ikachajiwa kwenye mashine ya kusagia. Mwishowe akafunga waya mrefu juu ya mti ili siku nyingine tupate habari za mbali redioni.

Baba alikuwa mtu mzuri, ila mdomo wake haukuwa na komeo. Sokoni alijisifu: "Mashine yangu iko na nguvu kidogo tu, lakini sauti yake nafika mpaka Kongo!" Watu wakacheka, maana Kongo si mbali na kwetu. Lakini maneno yakatembea yakafika kwa askari wa kizuizi cha barabarani, na huko hayakumchekesha mtu. Miaka ile betri, waya juu ya mti na sauti ya kufika Kongo vilikuwa na maana moja: redio ya kuongea na waasi. Tuliwajua watu waliochukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na hawakurudi.

Walikuja baada ya alasiri, askari watatu, baba ndiyo kwanza ameingiza kaseti kwenye kiredio alichokiunganisha na sanduku, na Haboba ameketi mkekani mbele ya sanduku. Mkubwa wao alikuwa kijana, viatu vyake havina kamba. Alitazama waya, akatazama betri.

"Wewe naongea na nani kwa Kongo?"

"Afande, hii haiongei. Hii naimba tu."

"Washa."

Nilijua hakuna wimbo kwenye kaseti ile. Niliomba betri ife. Baba akabonyeza, na ndipo niliposikia kazi ya mikono yake: sauti ya mtu mzima, nene, safi, imejaa ua mzima.

"Salaam aleikum, mama. Mimi mutoto yako Juma."

Haboba akanyanyua mikono. "Aleikum salaam, mwanangu! Uko muzima?"

"Mimi iko muzima kabisa, mama. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani salama! Unapata chakula?"

"Chakula iko. Hata usifikiri mingi."

"Ona!" askari mmoja akapiga kelele, akamwelekezea baba bunduki. "Mama nauliza, ile mutu najibu!"

Nilishika shati la baba, nikahisi mgongo wake umelowa jasho. Nilitaka kupiga kelele kwamba salamu za kwetu ndivyo zilivyo, hata usiyemsikia unajua atakachouliza, lakini yule mwenye bunduki akanisukuma kando. Askari akampigisha baba magoti.

Haboba hakugeuka kututazama. "Juma," akasema polepole, "unarudi lini?"

"Mama, ile mbuzi yangu nazaa mapacha," ikajibu sauti.

"Nakuuliza, unarudi lini?"

"Moja iko na doa nyeupe kwa mukia."

Kijana mwenye viatu visivyo na kamba akachuchumaa mbele ya sanduku, akamtazama Haboba usoni, kisha akamshusha mwenzake mtutu kwa mkono.

"Ile mutu hasikii mama," akasema. "Yeye nasema peke yake tu."

Wakakata waya wa mtini wakaondoka nao. Langoni yule kijana akageuka, akamwambia baba: "Sokoni usiseme tena nafika Kongo. Sema nafika kwa jirani."

Tulimcheka Haboba miaka na miaka, kwamba alidhani mwanawe yumo sandukuni. Baba mdogo Juma alifia huko huko Sudan. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza Haboba, kwa sauti ya kupasua koo, kama kweli alidanganyika. Alinikasirikia. "Mimi muke ya askari. Redio niliona kabla baba yako hajazaliwa. Lakini mutoto akikusalimia, unanyamaza?"

Sikumwelewa. Sasa binti yangu yuko mbali, na hunitumia sauti yake kwenye simu. Akisema tu "Salaam aleikum, mama," naitikia hapo hapo, kwa nguvu, kabla sijagusa kitufe cha kurekodi, kisha namuuliza anarudi lini. Wajukuu hucheka wakagaagaa. "Bibi, hakusikii!"

Najua.