Dirisha la Nola

Merv Zeller hakuwa mtu wa kulipua kazi. Miaka thelathini na minane alitengeneza mabehewa ya treni, na mpaka leo pale mjini Toowoomba wapo wazee wanaokuapia kwamba mlango uliopita mikononi mwake ulijifunga wenyewe, kwa adabu. Lakini mganga hajigangi. Banda la nyuma ya nyumba yake mwenyewe lilikuwa limeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, na mabati yake yakivuja kila mvua iliponyesha.

Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Kulikuwa na mashine tatu za kukatia majani, zote mbovu, kila moja ikingoja vipuri vya mwenzake. Kulikuwa na milango ya nyumba zilizobomolewa zamani, makopo ya kahawa yaliyojaa misumari iliyopinda, na chupa za jamu zilizoning'inia juu, vifuniko vyake vimekazwa kwenye mbao kwa skrubu. Ukimuuliza vya nini, jibu lilikuwa moja: "Itafaa siku moja."

Nola, mkewe, aliomba kitu kimoja tu kuhusu banda lile. Alitaka dirisha upande wa bustani na meza chini yake, apandie miche yake akiona nje. Aliomba mwaka aliozaliwa kitinda mimba wao, na kitinda mimba huyo sasa ana watoto wanaonyoa ndevu.

"Jumamosi ijayo, mpenzi," Merv alimjibu wakati ule. Jumamosi zikaja, zikapita.

Februari moja daktari akawaambia wahesabu wiki, wasihesabu miezi. Nola akakataa kulazwa. Walipofika getini kwao, akamgeukia mumewe.

"Merv," akasema Nola, "mwaka huu nataka kupanda njegere zangu za maua ndani ya lile banda. Siku ileile."

Siku ileile ni ya Mtakatifu Patrick, tarehe kumi na saba Machi. Mpenda bustani yeyote wa kule atakuambia njegere zile, zinazopandwa kwa harufu wala si kwa chungu cha mboga, huingia udongoni siku hiyo, hata kama mpandaji si Mkatoliki wala hajui Patrick alikuwa nani. Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Kesho yake Merv aliamka na jua. Akakokota mashine na milango hadi ukingo wa barabara, na kabla ya adhuhuri wapita njia walikuwa wameshavibeba vyote, isipokuwa mlango mmoja ambao mwenyewe aliurudisha kinyemela. Akang'oa mbao zilizooza, akanyoosha kuta, akapigilia mabati mapya. Kisha, chini ya turubai, akafunua dirisha la behewa la zamani alilolihifadhi miaka ishirini. Basi, ile "siku moja" yake ilikuwa imefika.

Kitanda cha Nola kiliwekwa chumba cha nyuma, karibu na bustani. Aliyeketi naye mchana alikuwa Glenys, jirani, mwanamke wa maneno mengi na skonzi za maboga.

"Merv! Njoo ukae na mwenzio kidogo, chai inapoa," Glenys aliita.

"Nikimaliza kupiga randa."

"Atakuwa ameshakuwa mzee kabla hujamaliza!"

"Haraka haraka haina baraka, Glenys."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" Nola akadakia kutoka kitandani. Wakati huo sauti alikuwa nayo bado.

Nisikufiche: Merv aliogopa. Bandani alijua kila kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi, lakini kando ya kile kitanda hakujua hata mikono yake aiweke wapi. Kwa hiyo alirudi kwenye mbao, siku baada ya siku, na Nola akamsikiliza mumewe kwa mlio wa nyundo.

Puti ya kushikizia kioo ilihitaji wiki nzima kushika, na Merv akaipa wiki nzima. Akapaka kuta rangi nyeupe. Akatundika pazia la manjano. Juu ya dirisha akapanga riboni zote za ushindi ambazo Nola alizipata kwa njegere zake kwenye maonyesho ya maua, akizinyoosha kwa pimamaji, utani kando. Ubao wa chini ya dirisha aliupaka kijani, rangi aliyoipenda Nola, na mkono wa mwisho wa rangi ukaangukia jioni ya tarehe kumi na sita.

Asubuhi ya Patrick, Nola alikuwa ameshavaa sweta na kofia ya jua. Mbegu zilikuwa zimelowekwa kwenye kikombe cha chai.

"Leo hapana," Merv akasema. "Rangi haijakauka. Kesho."

"Kesho si Patrick."

"Patrick hatakimbia, mpenzi." Akachukua funguo za gari akaenda duka la vifaa vya ujenzi, kununua komeo la shaba la dirisha.

Aliporudi, alama za magurudumu zilikuwa zimekata majani kutoka mlango wa nyuma hadi bandani. Glenys alikuwa amesimama mlangoni, udongo mikononi, akijifanya anatazama ndege. Ndani, vyungu vitano vilikuwa vimepangwa mezani, vimeshapandwa, na Nola alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, jua limempiga usoni. Merv hakuviona vyungu. Aliona ubao. Katikati ya kijani kile palikuwa na chapa ya kiganja kizima, vidole vitano, na alama ya pete.

"Nola! Si nilikuambia? Ona ulivyoniharibia!"

"Nilitaka nione nje," Nola akasema. "Nimesimama, Merv. Nimesimama mwenyewe."

Merv akachukua kitambaa na thina ya kuondolea rangi, akapiga magoti, akaanza kumfuta kidole kimoja kimoja, huku akinung'unika. Akafuta katikati ya vidole na kuzunguka pete, ambayo sasa ilicheza kidoleni. Mkono haukuwa na uzito wowote.

Nola akacheka kidogo. "Ningejua, ningetia mkono kwenye rangi tangu mwezi uliopita."

"Tulia. Kuna nyingine kwenye kucha."

Glenys alipokuja kumrudisha ndani, Nola akageuza kichwa. "Unakuja?"

"Ngoja niweke hili sawa kwanza."

Akaifuta ile chapa ya kiganja palepale kwa thina. Tarehe kumi na nane akapiga msasa laini, akapangusa vumbi, akapaka tena. Kazi ilitoka safi kabisa.

Nola alifariki tarehe kumi na tisa, kabla ya chai ya asubuhi. Merv alikuwa bandani, akijaribu komeo. Aligeuka akamwona Glenys mlangoni, ameshika kofia ya jua ya Nola.

Waliokuja mazishini walilisifu sana banda. Merv aliwashukuru mmoja mmoja, kama anayepokea pole za msiba wa pili.

Septemba njegere zilichanua, zambarau na nyeupe, zikapanda hadi kwenye riboni. Glenys alipoleta skonzi, alimkuta Merv amevaa miwani, ameinamisha kichwa hadi shavu likakaribia ubao wa dirisha, akipitisha kiganja polepole, vile alivyokuwa akikagua kazi za wanafunzi wake kiwandani.

"Unatafuta nini, Merv? Maua yapo huku juu."

"Kidole," Merv akasema. "Nilidhani huenda niliacha hata kidole kimoja."

Akaurudia ubao tena, kutoka kona hadi kona. Ulikuwa laini wote.