Vidole Viwili vya Kitambaa

Kwenye kibanda chake katika soko la Gikomba, Ndinda ameandika kwa rangi nyekundu: TUNAPUNGUZA. Mtu akinunua suruali ya mtumba inayomtosha yeye na jirani yake, anamletea Ndinda, naye anaibana hadi ikae. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Mwaka jana aliugeukia mwili wake mwenyewe, akaubana vivyo hivyo, bila huruma.

Si kwa ajili ya urembo. Goti la kulia lilikuwa limekataa kukanyaga cherehani. Daktari alimpandisha kwenye mizani, ikasoma kilo tisini na sita, akamwambia goti halina kosa, linabeba watu wawili. Na cherehani ikisimama, Ndinda hana kazi nyingine anayoijua. Basi ikawa miezi tisa ya chai ya rangi isiyo na sukari, sukuma wiki ya kuchemsha, na nusu chapati siku ya Jumapili. Akashuka hadi sabini na nane. Goti likanyamaza. Sokoni wakamwambia usoni kwamba amependeza, na mgongoni kwamba anaumwa.

Sketi yake ya bluu ya kanisani aliibana mara tatu. Sasa, fundi akibana nguo, kuna kitambaa kinachobaki ndani. Akiamini mwenye nguo hatanenepa tena, anakikata ili mshono ulale vizuri. Asipoamini, anakikunja na kukiacha humo, siku moja aje afumue. Ndani ya sketi ya Ndinda kulikuwa na vidole viwili vya kitambaa kila upande. Hakumwambia mtu.

Daktari alikuwa amesema pia goti linataka misuli ya kulishika. Ndiyo maana Ndinda akajikuta kwa Jacky, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye mabega kama mlango, anayeendesha jimu nyuma ya kanisa moja huko Maringo. Vyuma vya kuinua vya hapo vingi si vyuma. Ni saruji iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi, bomba likapitishwa katikati.

"Mama Kyule, unakula nini?" Jacky akamuuliza.

"Nakula vizuri. Asubuhi chai, mchana sukuma, jioni yai kama sijachoka."

"Umechoka kula?"

"Nimechoka kulichemsha."

Jacky hakucheka. "Kupunguza kumeisha, mathe. Sasa tunaingia matunzo. Unakula kinachokutosha. Hupungui, huongezeki, na misuli inapata kitu cha kujijengea."

"Matunzo," Ndinda akasema. "Hayo nilimdai baba Kyule mbele ya chifu, na kijana sasa ana ndevu. Sijawahi kuyaona."

"Basi haya utajipa mwenyewe."

Akamwandikia kwenye karatasi: mayai mawili asubuhi, sahani ya githeri na parachichi mchana, chapati nzima na ndengu jioni. Ndinda akaikunja karatasi akaitia kwenye mkebe wa vifungo, kama barua ya kesi.

Siku ya kwanza alikula githeri akiangalia huku na huku kama ameiiba. Jecinta, anayeuza magauni kibanda cha pili, akamwona.

"Umeachiliwa?"

"Kula yako, Jecinta."

Akamaliza sahani, na kukaa kukamshinda. Akafagia mahali palipofagiwa. Akatembea hadi Soko la Burma, akazitazama nyama zilizoning'inia, akarudi mikono mitupu. Ikawa ndio mtindo: kila akila, lazima ainuke aende mahali. Mara nyingi mahali penyewe palikuwa duka la dawa lenye mizani, hadi mwenye duka akawa anaivuta nje akimwona tu anavuka barabara.

Wiki ya tatu mizani ikasoma themanini.

Akashuka. Akavua viatu, akavua na kilemba, akapanda tena. Themanini.

Jioni hiyo akarudi kwenye chai ya rangi. Siku nne, na Jacky hakuambiwa. Goti likaanza kumuuma, au yeye akaanza kulisikiliza, hata mwenyewe hakujua ni lipi. Akikanyaga cherehani mara mbili anasimama, analibonyeza, anakanyaga tena.

Siku ya tano, kule jimu, ile mikebe ya saruji aliyoiinua wiki iliyopita akiwa anapiga hadithi ilikataa kutoka chini.

"Leo umekula nini?" Jacky akauliza.

"Nimekula."

"Nimekuuliza nini, sijakuuliza kama."

Ndinda akakaa juu ya mkebe. "Themanini, Jacky. Mizani imesema themanini. Nikirudi nilikotoka, nitashona na nini?"

"Mizani inapima githeri iliyo tumboni, inapima maji, inapima hata hiyo misuli unayoipata. Haikuambii ni kipi ni kipi." Jacky akainama mbele yake. "Mathe, wewe ni fundi. Tangu lini ukashona nguo kwa kilo?"

Ndinda alienda nyumbani amekasirika, kwa sababu msichana alisema kweli.

Asubuhi, kabla wateja hawajaja, akachukua tepu. Kiuno: inchi thelathini na nne, ile ile ya siku alipoibana sketi mara ya mwisho. Mkono wa juu: inchi kumi na tatu. Ulikuwa kumi na mbili. Na mikono ya blauzi ilikuwa ikimkaba wiki nzima, yeye akilaumu sabuni.

"Unajipimia jeneza?" Jecinta akauliza.

"Najipima mkono. Njoo ushike."

Jecinta akaushika, akaubonyeza, akauachilia. "Heh. Mtu asikudai hapa sokoni."

Ndinda akafumua mikono ya blauzi, akaipanua. Mchana akaagiza githeri na parachichi, akakaa. Mguu wake chini ya meza ulikanyaga cherehani isiyo na uzi tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, lakini hakuinuka.

Kisha akaitoa ile sketi ya bluu, akaigeuza ndani nje. Akashika mkasi, akakata kitambaa cha upande wa kushoto, vidole viwili, kikaanguka chini. Akaigeuza upande wa kulia. Mkasi ukasimama.

"Na huo?" Jecinta akauliza.

"Huo utangoja mwezi uishe."

Akaweka mguu kwenye kikanyagio, akaushona ule wa kushoto ulale.