Skrini Nyeusi, Simu Ikiwa Hewani

Wenzake katika kituo cha kupokea simu za magari ya wagonjwa walimwita Shangazi, kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Wapigaji hawakujua kwamba mwenye sauti hiyo alikuwa mwoga ajabu, mtu wa kushtushwa hata na mlango ukibamizwa.

Siku moja alipiga mwanamume, analia. "Dada, mke wangu amejifungua, damu haikatiki! Tumehamia jana tu, hata mtaa siujui. Na chaji inaniishia!"

"Usikate simu, kaka. Nakuona kwenye ramani."

Na kweli alimwona, kidoti chekundu katikati ya vichochoro. Akaita dereva kwa redio, gari likatoka mbio.

Mara skrini ikawa nyeusi tii.

Redioni dereva akauliza, "Shangazi, nimefika njia panda. Nikate wapi?" "Subiri hapo hapo, ramani imepotea!" akamjibu.

"Izime uiwashe!" jirani yake wa meza akamhimiza, kidole tayari kwenye swichi ya kompyuta. Shangazi akaudaka ule mkono. Simu ilipitia humohumo kwenye kompyuta. Kuizima ni kumkata yule mtu, na pengine asipatikane tena.

Akampigia fundi wa kompyuta wa kituo kwa simu ya mezani.

"Mpigaji bado unamsikia?"

"Namsikia."

"Basi kompyuta iko hai, kadi ya picha, ile inayoendesha skrini, ndiyo imegoma. Tuiwashe upya hiyo peke yake. Shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, pamoja na Ctrl na Shift, halafu gonga B."

Kwa haraka yake akagonga siko. Sikioni yule mume akapiga ukelele: "Dada, amefumba macho!"

"Msugue tumbo, kaka, chini ya kitovu, kwa nguvu. Usiache!"

Akagonga tena. Kompyuta ikalia pii, skrini ikapepesa, ramani ikarudi. Kidoti kipo palepale.

"Dereva, kushoto! Kichochoro cha pili!"

Akaendelea kumsemesha yule mume hadi aliposikia king'ora kupitia simu ile ile. Kisha simu ikazima.

Mchana dereva alirudi na habari: mama kaongezewa damu, anaongea, mtoto ananyonya. Shangazi akashukuru Mungu, akajaribu kunywa chai, nusu ikamwagikia mapajani.

"Kadi hiyo uing'oe leo leo," akamwambia fundi. "Mimi kwenye kiti kile sikai tena mpaka uweke nyingine."