Ingobyi Iliyonyang'anywa

Igizo letu halikuwa na neno hata moja. Binti aliyekuja kutufundisha, aliyesomea sanaa chuoni, alisema picha itasema yenyewe. Mimi nimeishia darasa la saba, sikubisha. Ila akina mama wa Kirushya kunyamaza mbele ya watu, jamani, heri kulima.

Wawili walishika khanga ndefu zilizoungwa, wakizipandisha na kuzishusha: ndiyo milima. Wanne tulipita katikati tumebeba ingobyi, ile machela ya kusukwa, ndani amelala jirani yangu. Kisa ni chake. Mwaka juzi alishikwa na uchungu, tukambeba sisi wanawake mpaka zahanati, na wanaume waliokaa kilabuni wakatuangalia tukipita. Mtoto hakupona. Hajawahi kuwaambia kitu. Safari hii alitaka wakae, watazame, basi.

Hatujamaliza hata mlima wa pili, mzee mmoja akainuka pale uwanjani. Kwetu ukikutana na ingobyi, unatua mzigo wako unaingiza bega.

"Wanawake wamebeba mgonjwa na nyinyi mmekaa tu?"

Wakaja wanne, mzee akiwemo; mmoja akashika mti wa ingobyi niliobeba. "Leta, mama, leta. Utavunjika bega."

Nilimkazia macho tu, maana kusema siruhusiwi. Akadhani nimechoka, akanipokonya mti. Wakaondoka na jirani yangu mbio, wamekanyaga khanga, milima imelala chini, watu wanapiga vigelegele. Mwalimu anawakimbilia nyuma: "Baba zangu, ni igizo!"

"Igizo ndiyo, lakini mtu si yumo ndani?"

Hasira ilinipanda. Hawa hawa! Leo mbele za watu ndiyo wana mabega. Lakini lazima niseme haki: mmoja wao siku ile alikuwa Rusumo anashusha mizigo ya malori, na yule mzee pombe haonji. Na labda tulikosea sisi, kuwaletea ingobyi halafu tukataka wasiinuke. Sijui. Hasira haikupungua kwa kulijua hilo.

Kati yetu waigizaji, jirani yangu ndiye aliyesema kwanza. "Nishusheni."

Wakamshusha.

"Leo mnanibeba nikiwa mzima."

Vigelegele vikakatika. Mmoja akaanza, "Shemeji, siku ile..."

"Sijakuuliza. Rudini mkakae."

Mzee akatangulia kurudi, wengine wakafuata wakikwepa kutazamana. Tukakung'uta khanga vumbi. Jirani akajilaza tena, tukainua, na mara hii nikawaongoza wenzangu tupite karibu nao kabisa, kitu ambacho mwalimu hakutufundisha. Yule aliyenipokonya mti akainuka nusu, akakaa, akainuka tena.

"Kaa!" nikamwambia kwa sauti, na hapo igizo nikawa nimeliharibu mimi.

Akakaa. Tukapita.