Turubai, Bi Mdogo na Mama Mkwe

Jina la Turubai alilipata kwa haki yake. Alikuwa fundi cherehani wa suti na sare za shule, mtu wa chaki mfukoni na tepu shingoni, mikono laini kama ya karani. Siku alipoliburuta nyumbani lile gari la porini, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, lisilo na paa wala viti, kitu cha kwanza alichokifanya ni kulishonea paa. Alikata turubai la kijani, akalishona kwa uzi wa nailoni mishono miwili miwili, akalitia vishikizo na vidirisha vya plastiki, likakaa juu ya mabomba ya chuma kama koti lililopimwa mwilini. Injini haikuwa ikiwaka. Breki hazikuwepo kabisa. Lakini paa lilikuwa paa, na mtaa mzima ulikuja kulitazama.

"Umemvalisha maiti koti jipya," shemeji yake akamwambia. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa makanika wa kweli, mwenye gereji na ovaroli iliyosimama yenyewe kwa grisi.

"Maiti gani mwenye macho mazuri hivi?" Turubai akajibu, huku akipangusa taa za mbele kwa kitambaa cha bitana.

Gari lenyewe alilikuta nyuma ya kiwanda cha mbao, alipokwenda kupeleka sare za wafanyakazi. Kuku walikuwa wakitagia pale miguu ya dereva inapokaa. Lilikuwa na pua fupi, madigadi bapa, na gurudumu la akiba limekaa juu ya boneti kama kofia. Moyo ulimwenda mbio. Utotoni mwake gari la namna hiyohiyo ndilo lililokuwa likileta chanjo shuleni kwao. Watoto wengine walikuwa wakilikimbia, yeye alikuwa akilikimbilia, na mwaka mmoja alidungwa sindano mara mbili kwa sababu alirudi kwenye foleni ili apate kusimama tena karibu nalo.

Mkewe, muuza dawa mwenye maneno machache na macho makali, alilitazama siku lilipofika akasema, "Haya, Baba Pacha. Umeniletea Bi Mdogo." Jina likaganda, ingawa Bi Mdogo alitengenezwa kabla hata ya wazazi wao kuoana.

Ufundi wa magari Turubai hakuwa nao hata chembe. Alijifunza kwa kuharibu. Alifungua kabureta akaiosha kwenye sufuria ya wali, na kwa wiki nzima akala wali wenye harufu ya petroli, mkewe akimtazama. Alifunga pampu ya maji bila gasketi, maji yakamwagika, ndipo akakata gasketi kwa mkasi wake wa nguo kutoka kwenye karatasi nene ya kuchorea mitindo. Gasketi ile ilikaa sawasawa. "Kumbe hata huku ni kupima na kukata," akasema, na tangu siku hiyo hofu ikamtoka. Kila Jumapili, duka lake la kushonea likiwa limefungwa, miguu yake ilikuwa ikionekana imechomoza chini ya gari, na majirani wakawa wanaisalimia miguu. "Shikamoo, miguu!" "Marahaba!" sauti ikajibu kutoka uvunguni.

Viti alivishona mwenyewe, breki akafungiwa na shemeji. Hatimaye injini iliwaka, asubuhi moja ya jua, kwa mlio kama wa mtu aliyepaliwa. Moshi ulitanda hadi kwenye kamba ya nguo za jirani, zikalazimika kufuliwa upya. Turubai alizifua mwenyewe, tena akiimba.

Laiti angeishia hapo. Lakini gari likishawaka, mwenyewe hupata ugonjwa mwingine, nao ni wa kuboresha. Kwenye simu yake alikuwa na kundi la watu wenye magari kama lake, na kila siku walikuwa wakitumiana picha za magari marefu, yamesimama juu ya mawe kama mbuzi. Turubai akaingiwa na kijicho. Akatafuta springi ndefu za lori na matairi makubwa yenye meno, akamwomba shemeji amsaidie kuvifunga.

"Shemeji, hili gari halikuumbwa refu," makanika akamwonya. "Ukiliinua hivi, shafti itakaa upande, itatetemeka."

"Ikitetemeka tutaituliza."

Ilitetemeka. Mwendo ukizidi kidogo tu, usukani ulikuwa ukimtikisa mpaka meno yakagongana. Wakatengeneza kabari za chuma, wakazipachika kati ya springi na ekseli, mtikisiko ukapungua, na Bi Mdogo akasimama mtaani mrefu kama jukwaa. Turubai akapiga picha, akaituma kwenye kundi, akapongezwa na watu asiowajua. Alijiona kama amepewa dunia.

Sasa ndipo anapoingia mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwenye mwili wa kutosha na kicheko cha kutosha. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, kwa hiyo hakukuwa na mkubwa wa kumtisha. Karibu wote aliwaona uchi kabla hawajajua kusema. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekuwa akiishi ng'ambo ya machimbo ya kokoto, ambaye alikuwa ametoka hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Mama alikuwa akitaka kwenda kumwona kwa macho yake. Lakini mvua zilikuwa zimeila barabara ya machimbo, na hakuna teksi iliyokubali kwenda. Shemeji alijaribu na gari lake dogo, akarudi na bampa limelala kiti cha nyuma.

"Basi mwambieni mkwe wangu alete hilo linyama lake," mama akasema. "Si ndiyo kazi yake?"

Turubai alifurahi nusura aruke. Mchana huo alimwosha Bi Mdogo, akatandika kiti cha mbele shuka safi, akamwegesha mbele ya mlango wa mama mkwe, akafungua mlango wa abiria kama dereva wa rais. Mama akatoka, amejifunga vizuri, kikapu mkononi. Akalitazama gari. Akatazama juu. Sakafu ya gari ilikuwa imemfika karibu na kiuno.

"Nipande wapi?" akauliza.

Miezi yote ile ya kuinua na kupachika, wazo hilo halikumpitia Turubai hata siku moja. Yeye mwenyewe alikuwa akirukia tu.

Ikaletwa ndoo, ikageuzwa juu chini. Mama akaikanyaga, ndoo ikalia krak. Ikaletwa stuli. Akaweka mguu mmoja ndani ya gari, mwingine ukabaki juu ya stuli, akawa amepanuka kati ya mbingu na ardhi. Mkewe Turubai akawa anamsukuma kutoka chini. Turubai akasimama pembeni, mikono imemning'inia, maana kumshika mama mkwe kiunoni ni jambo ambalo hata kulifikiria tu kulimtoa jasho. Akageuka akatazama ukuta kwa heshima.

"Sukuma, mwanangu!"

"Nasukuma, mama! Usicheke!"

"Nikicheka miguu inaisha nguvu!" Naye akacheka, nguvu zikaisha kweli, akateremka taratibu mpaka chini, wakakumbatiana na binti yake wakicheka hadi machozi.

Shemeji, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akasema anao mnyororo wa kuinulia injini gereji, akautoe?

"Mnipandishe kama injini?" mama akauliza, na mtaa mzima ukavunjika mbavu.

Lakini mama aliporudi ndani na kuvua viatu, Turubai aliuona uso wake. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikaa kitini, kikapu mapajani, akakiondoa kitambaa juu yake na kukirudisha. "Si neno, baba," akamwambia kwa upole. "Nitakwenda njia ikikauka." Upole ule ulimchoma kuliko matusi.

Njiani kurudi mkewe akasema, "Umejenga gari la kufika kila mahali, Baba Pacha, ila mlangoni kwa mama."

Turubai alienda moja kwa moja kwa shemeji. "Tunashusha," akasema.

"Na picha zako?"

"Picha hazina mama mkwe."

Zile springi za lori wakazitoa. Wakazirudisha zile za asili, kila moja wakaiongezea bamba moja tu ili gari lisikae kama limechoka, na kabari wakazitupa. Matairi makubwa yakabaki, maana mtu haachi yote kwa mara moja. Bado sakafu ilikuwa juu kidogo kwa mguu wa mama, na hapo Turubai akakumbuka cherehani ya kukanyaga iliyokufa zamani nyuma ya duka lake. Akalifungua lile pedeli lake pana, la chuma lenye matundu ya maua.

"Lichomelee hapa, chini ya mlango," akamwambia shemeji.

"Hiki ni chuma cha kusubu, nikikichomelea hivi hivi kitapasuka. Tukifunge kwa bolti."

Wakakifunga kwa bolti juu ya bamba nene, wakalitia bawaba ili likigonga jiwe lijikunje badala ya kung'oka. Kisha Turubai akashona mkanda mpana wa turubai, akaufunga ndani kwenye bomba la paa, wa kushikia. Alikuwa ameupima urefu kwa macho tu, kama anavyopima wateja wenye haya.

Mama mkwe akaletwa tena. Akakanyaga pedeli, akashika mkanda, akapanda. Mara moja tu. Akakaa kitini, akatengeneza nguo yake, akatazama mbele kama mtu aliyezaliwa humo.

"Mnangoja nini?" akauliza.

Wakaondoka watatu, mama mbele, mkewe nyuma na kikapu. Barabara ya machimbo ilikuwa matope mekundu na mashimo ya kuogea ng'ombe. Turubai akaingiza gia ndogo, magurudumu yote manne yakavuta, na Bi Mdogo akapita akiyumba kama bibi harusi aliyenenepa. Mama alikuwa akipiga vigelegele kila wakipita shimo. Kwenye kijito, ambako daraja lilikuwa limekwenda na maji, Turubai alisimama, akatazama kina, akajiaminisha, akaingia.

Alichosahau ni kulegeza mkanda wa feni. Feni ikayapiga maji, ikayarusha juu ya nyaya za plagi. Katikati ya kijito injini ikakohoa mara mbili ikazima. Kimya. Maji yakiteleza chini ya milango.

"Imekufa?" mkewe akauliza kutoka nyuma.

"Imelowa," akasema, uso umemshuka. Akatoka, maji yakamfika magotini, akafungua boneti. Akaanza kupangusa nyaya kwa shati lake, ambalo lenyewe lilikuwa limelowa, akizichomoa ovyo ovyo kwa haraka.

"Mkwe wangu!" mama akaita kutoka dirishani. "Unamharakisha ya nini? Kinachotoka majini kinakaushwa kwanza. Taratibu. Kwa kitu kikavu." Akachomoa kutoka kwenye kikapu taulo nyeupe iliyokunjwa, moja ya zile alizozoea kutembea nazo tangu enzi za kazi, akaipitisha kwa mkono. "Anza kichwani."

Turubai akafungua kifuniko cha kifaa kinachozigawia plagi moto, akakikausha ndani na nje. Akakausha nyaya, moja moja, kisha plagi.

"Na masikioni," mama akasema.

"Hana masikio, Mama."

"Basi palipo kama masikio."

Akacheka, akapangusa na hapo. Akalegeza ule mkanda wa feni, akafunga boneti, akarudi kitini, akapiga stata. Mara ya kwanza kikohozi. Mara ya pili injini ikanguruma, na mama mkwe, kwa sauti iliyotangazia nyumba zisizohesabika kuzaliwa kwa watoto, akapaza: "Ameshalia! Mzima!"

Huko ng'ambo, mdogo wake alikuwa amekaa barazani na fimbo yake. Alipoliona gari likija na dada yake mbele, alisimama kabla mtu hajamwambia asisimame. Waliongea alasiri yote. Turubai alinyweshwa chai, akaambiwa ale, akaambiwa tena ale, na aliposikia mama mkwe akimsimulia mdogo wake kwamba "mkwe wangu amenishonea gari," hakusahihisha.

Walirudi salama kabla jua halijazama, wakapita kijito bila kuzima.

Jumapili iliyofuata miguu ilikuwa imechomoza tena chini ya Bi Mdogo. Mkewe akatoka na kikombe cha chai, akasikia mluzi wa furaha kutoka uvunguni.

"Kuna nini?"

"Nimefungua difu ya nyuma, hili bonge la gia katikati ya ekseli. Mafuta yametoka meupe, kama yametiwa maziwa."

"Maana yake?"

"Maji ya kijito yameingia. Sili za kuzuia maji zimekwisha. Itabidi nifungue ekseli zote mbili, na huenda na bearingi." Akachomoza kichwa, uso wote grisi, meno nje. "Kazi ya wiki kadhaa hii, Mama Pacha!"

Mkewe akamtazama, akalitazama lile karai la mafuta meupe, akamtazama tena. Hakuwa amepata kumwona mtu anayepokea habari mbaya kwa uso kama huo. Akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya gauni.

"Haya," akasema. "Nishike nini?"