Mbega Mzazi Hajatoka Nje

Jumamosi, saa tisa kasoro robo alasiri. Hapo ndipo dhiki hii ilipoanzia, kwenye geti la kutokea la bustani ya wanyama, na tangu hapo sijakaa mahali nikatulia. Nimejaribu kusoma baiolojia, nimefua soksi ambazo zilikuwa safi. Naandika, labda itapungua.

Bustani ni ya Mzee Hamidu. Alikuwa mtu wa ofisini kwenye shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa, wenzake walinunua mashine za kusaga na magari ya abiria, yeye akanunua waya na mbao akajenga vizimba. Ana mamba, kobe, vinyonga, mbuni mmoja, na mbega wawili, dume na jike. Hao mbega aliwaleta wazaliane, maana anasema huko juu msituni wanazidi kupungua, na watoto wa Moshi wanawajua simba wa kwenye televisheni lakini hawamjui mnyama wa mlima wao wenyewe.

Sasa yule jike amezaa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pee, hana hata doa, na habari hiyo imefika mpaka sokoni. Leo watu walijaa kama siku ya mnada. Bibi alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kuangaliwa macho, akasema kabla hawajamtia dawa anataka kumwona huyo mtoto. Nikampeleka.

Mimi mbele za watu sina maneno, ila masikio yangu hayana aibu. Kwa mamba, kijana mmoja alisema, "Hili tairi. Wamelipaka rangi tu." Mwenzake akamwambia aingize mkono ahakikishe. Mama mmoja alimtazama mbuni akasema anafanana na wifi yake akiingia kanisani amechelewa. Mwingine alilalamika kwamba bustani ya wanyama bila simba, si bora angebaki nyumbani atazame mbuzi wake. Kobe walisifiwa sana, labda kwa sababu hawamkimbii mtu.

Wote waliishia kwa mbega, na kwa mbega hakukuwa na cha kuona. Mzee Hamidu amemtundikia yule mama sanduku la mbao kwenye kona, juu, lenye uwazi mdogo. Amejificha humo na mtoto wake. Tuliona mkia ukining'inia, basi.

"Atoke huyo, tumelipa kiingilio," alisema baba mmoja aliyebeba mtoto mabegani.

"Mama mweusi, mtoto mweupe," akasema jirani yake. "Ungekuwa wewe usingejificha?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Kisha wakaanza kurusha karanga na kutikisa waya. Nilikuwa nimesimama ubavuni, mahali ambapo mbao mbili za sanduku zimeachana, na kupitia hapo niliona ndani. Kila waya ulipotikiswa, mama alimbana mtoto kifuani, akambana tena, mpaka yule mtoto akafungua mdomo na sauti isitoke. Na Mzee Hamidu huwa hafichi: mtoto wa kwanza wa mbega huyu alikufa humo humo kizimbani, kabla sanduku halijawekwa.

Mzee Hamidu ana desturi yake. Anakaa getini juu ya kreti la soda, na kila anayetoka anamwuliza, "Umeonaje?" Leo walimwambia neno moja wote: hatujamwona mtoto. Mwishowe akamjibu yule baba, "Basi kesho asubuhi nalishusha sanduku. Njooni saa nne, mtamwona." Hakusema kwa furaha. Halafu akanigeukia.

"Na wewe binti, umeonaje?"

"Pazuri," nikasema.

"Pazuri tu?"

"Pazuri. Shikamoo." Nikaondoka mbio kama mwizi, Bibi akinifuata kwa fimbo yake.

Jioni tulikaa uani kumenya ndizi, akatazama ninavyomenya. "Hiyo ndizi imekukosea nini?" Ndipo nikamwambia nilichokiona kwenye sanduku. Aliweka kisu chini. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayapoteza.

"Mwanangu, ipo siku ambayo mpaka leo ikinijia naacha ninachofanya. Nilikuwa nimemzaa baba yako mkubwa, mtoto wangu wa kwanza. Nyinyi siku hizi mtu anajifungua, wiki haijaisha yuko dukani. Sisi mzazi alikaa ndani miezi mitatu. Hushiki jembe, unaletewa mtori wa ndizi na nyama, na maziwa, na mtoto wako hatazamwi na kila mwenye macho. Mpaka ifike siku ya kutoka nje, unaoga, unavaa vizuri, wanawake wanakusindikiza sokoni, hapo ndipo watu wanakuona.

"Sasa kabla siku yangu haijafika, wakaja wageni kutoka Mkuu, ndugu za babu yako, watu wa kuvaa viatu enzi hizo. Wakanywa mbege, wakafurahi, wakasema tuletewe mtoto huku nje tuone amefanana na nani. Ukungu ulikuwa umeshuka, na baridi ya kule kwetu unaijua. Mtoto alikuwa anakohoa. Mimi ndiye niliyelala naye, mimi ndiye niliyekisikia kile kifua. Babu yako akaja mlangoni akanyoosha mikono. Unajua nilifanya nini? Nilianza kumviringishia mtoto nguo ili nimtoe. Nilikuwa mke mgeni katika ukoo, ningesema nini mbele ya wakubwa?

"Mama mkwe wangu alikuwa jikoni. Akaja akasimama mlangoni, mwiko mkononi, mtori unadondoka chini. Akawaambia kwa upole kabisa, 'Mzazi hajatoka nje. Kunyweni pombe yenu.' Wakanywa. Hakuna aliyenuna, mwanangu, na mimi nilidhani pangewaka moto. Kisha akanigeukia. 'Ulimsikia mtoto anakohoa?' Nikasema, ndiyo, mama. Akasema, 'Mimi nilikuwa jikoni, sikumsikia. Nimekisia tu. Siku nikiwa shambani, atakayesema ni nani?' Akarudi kwenye chungu chake. Swali lile lilinichoma kuliko kofi."

Nilimwuliza kama aibu yake iliisha siku ile.

"Iishe iende wapi? Ninayo mpaka leo, leo yenyewe nimeona haya kumwuliza yule mzee choo kiko wapi. Aibu si dhambi. Lakini aliyeona ndani ya lile sanduku ni wewe. Wale wengine wamesema wanachotaka, na mzee wa watu amewasikia wao kwa sababu ndio waliosema. Usiende kumwita mkatili, maana naye ana watu wa kuwaridhisha na wanyama wa kuwalisha. Mwambie ulichokiona, kwa sauti hiyo hiyo ndogo uliyonayo, kwa adabu, na umwambie mapema. Akikataa, angalau atakuwa amekataa akijua."

Akanishika mkono, akanitemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wa kwetu wanavyobariki. "Mungu akupe maneno siku unayoyahitaji. Na siku utakapokuwa mzazi, usikose mtu wa kusimama mlangoni kwako." Halafu akachukua kisu, akasema ndizi zangu zimebaki nyembamba kama penseli.

Jumapili asubuhi. Nilitoka misa ya kwanza nikaenda moja kwa moja bustanini. Mzee Hamidu alikuwa tayari amebeba ngazi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hatujafungua."

"Jana nilisema pazuri," nikasema. "Si pazuri."

Akaishusha ngazi. Nikamwambia yote, la mwanzo mwisho na la mwisho mwanzo, kuhusu ule mdomo uliofunguka bila sauti. Alisikiliza akitazama chini.

"Na watu nitawaambia nini?" akauliza. "Wakiondoka hawajaridhika hawarudi. Wasiporudi, hawa mbega nawalisha nini?"

"Nitawaambia mimi."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Mzee Hamidu akacheka. "Wewe wa 'pazuri, shikamoo'?" Lakini ngazi aliiegesha ukutani, mbali na kizimba. "Haya. Simama hapo. Wakinishambulia, nalishusha sanduku."

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mwenye kitenge cha kanisani na watoto watatu, na nyuma yake yule baba wa jana. Mama akashika waya. "Yuko wapi huyo mtoto mweupe?"

"Mama yake ni mzazi," nikasema. "Hajatoka nje."

"Unasemaje? Sikusikii."

Nikarudia, na safari hii hata yule baba wa nyuma alisikia. Mama akanitazama, akatazama sanduku, kisha akautoa mkono wa mwanawe kwenye waya, na wa kwake pia.

"Anapewa nini?" akauliza.

"Majani."

"Majani? Mzazi?" Akamgeukia Mzee Hamidu, akaweka mikono kiunoni, na akaanza kumgombeza kwa kumlisha mzazi majani matupu, na ngazi ikabaki pale pale ukutani.