Kutafsiri Ndoa ya Wazazi Wangu

Mama alifika kwangu mjini, mtaa wa Izia, mwezi wa saba, baada ya mavuno, akiwa na mfuko wa nguo na debe la maharage. Alisema amekuja kunisalimia. Wiki ya tatu nikajua hakuja kusalimia.

Baba alikuwa anakuja kila Jumapili kwa baiskeli kutoka kijijini, mwendo wa saa mbili na upepo wa kwetu unampiga usoni. Anakaa sebuleni, anauliza habari za wajukuu, kisha anauliza mama atarudi lini. Mama akisikia hivyo huinuka na kwenda jikoni. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini. Sikuwahi kuona baba akimpiga, wala kusikia habari za mwanamke mwingine. Nilipomwuliza mama amekosewa nini, alijibu kwamba amechoka tu.

Nikaanza kuulizia msaada. Katekista aliniambia parokiani ipo kamati ya familia na haitozi kitu, lakini wajumbe wake ni majirani wa baba na mama. Ofisi ya kata ilikuwa na baraza la usuluhishi. Huko lazima mmoja alalamike na mwingine ajibu, na mama alisema hana mashtaka. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo ni bure. Afisa alinisikiliza vizuri, ila tarehe aliyonipa ilikuwa mbali, kwa wingi wa watu waliokuwa mbele yetu. Ndipo mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mshauri wa ndoa aliyepanga chumba mtaa wa Mazwi, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Kila kikao elfu ishirini na tano, muda wa saa moja, na vikao sita kwa kuanzia.

Baba alishangaa. Aliuliza kama ni kweli mtu anakaa tu, unamweleza mambo ya nyumbani kwako, halafu unamlipa. Mama yeye aliuliza jambo moja, kama huyo mshauri anatufahamu. Nikamwambia hapana, ni mwenyeji wa Tanga, hajamaliza hata mwaka hapa.

"Basi huyo," mama akasema.

Jumapili iliyofuata baba alileta nusu ya fedha. Alikuwa ameuza ulezi wake kabla bei haijapanda.

Mshauri alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Aliwaamkia wazazi wangu shikamoo, akawakalisha kwenye viti vilivyotazamana nusu upande, akaeleza utaratibu wake. Angemwona kila mmoja peke yake kwanza, kisha wote wawili. Yatakayosemwa hayatoki nje ya chumba kile. Yeye si hakimu, hatasema nani mkosaji, wala hatamlazimisha mtu kurudi au kutorudi. Baba aliitikia kila neno kama yuko darasani. Mama alinitazama mimi, maana Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu. Ya moyoni huyasema kwa Kifipa.

Mshauri hakupenda nitafsiri. Alisema mtoto hafai kubeba maneno ya wazazi wake mdomoni, akajitolea kutafuta mtu mwingine. Mama akakataa. Mtu mwingine anayejua Kifipa ni lazima atakuwa ndugu wa mtu, alisema. Basi nikasaini karatasi ya kutunza siri, nikavuta kiti.

Baba aliingia peke yake, akatoka akiwa ameshika kofia mkononi. Zamu ya mama, saa nzima aliongea habari za magoti yake, kuku waliokufa kwa kideri, na bati linalovuja juu ya kitanda. Nilitafsiri yote. Moyoni nilikuwa nimekasirika, kwamba tumelipa fedha yote ile kusikiliza habari za kuku. Mshauri hakumharakisha. Alimwuliza tu hilo bati linavuja tangu lini, na mama akajibu, tangu iliponunuliwa saruji mpya.

Sikuelewa. Kikao cha tatu, walipokaa pamoja, ndipo nikaelewa.

Mshauri alimwomba baba aeleze ile saruji. Baba alisema mwaka uliopita aliuza shamba la mpunga la Mtowisa, kule bondeni, lililokuwa lake tangu ujana. Alikuwa hawezi tena kupanda na kushuka mlima wa kwenda huko, wapangaji hawalipi, na aliogopa akifa amwachie mama kesi ya shamba. Fedha akanunua saruji na mabati ya kumalizia nyumba. Alidhani amefanya jambo jema.

Mama alikuwa anatazama sakafu. Akasema kwa Kifipa, polepole, sentensi moja.

Nikamwambia mshauri, "Mama anasema hakupenda lile shamba liuzwe."

Baba akanigeukia. Kwa Kiswahili, ili mshauri naye asikie, akasema, "Hukusema alivyosema. Sema kama alivyosema mama yako."

Nikasema. "Anasema, mtoto wangu umemuuza pamoja na shamba."

Nilijua kwamba kabla yangu alizaliwa dada aliyefariki akiwa mdogo. Hayo ndiyo yote niliyoyajua. Siku hiyo, nikitafsiri neno kwa neno, nilijifunza mengine. Baba alikuwa ameshuka naye bondeni msimu wa kupanda, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akimlilia amfuate, na mama alibaki juu na mimi tumboni. Homa ilimshika mtoto siku mbili tu. Mvua ilikuwa imekata barabara na joto la kule halingojei maiti. Baba alimzika mwenyewe na majirani wawili, kwenye tuta la mfereji pembeni mwa shamba. Habari zilimfikia mama siku ya nne. Alipojifungua na kupata nguvu aliomba apelekwe, baba akasema barabara mbaya. Mwaka uliofuata akasema hivyo hivyo. Mama akaacha kuomba.

"Nilishindwa kumwonyesha," baba alisema. "Ningesimamaje naye pale?"

Mshauri alimwuliza mama anataka nini. Sikuhitaji kutafsiri, mama alijibu mwenyewe kwa Kiswahili. "Anipeleke."

Tulishuka Mtowisa sisi watatu, likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Mnunuzi wa shamba alikuwa mtu mstaarabu, akatuacha tutembee. Baba alitangulia kwenye matuta, akasimama mahali, akasogea hatua chache, akarudi. Mfereji ulikuwa umehamishwa. Trekta lilikuwa limesawazisha ardhi yote na mpunga umeota sawasawa kila upande. Aliinua mkono kuonyesha, kisha akaushusha.

Mama alivua kanga ya mabegani, akaitandika kwenye tope la pembeni, akakaa. Alimwita mtoto kwa jina lake mara moja. Baadaye akamwambia baba, kwa Kifipa, bila hasira yoyote, "Sasa hata wewe hujui."

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili.

Tulirudi kwa mshauri mara mbili zaidi. Alitaka kujua safari ilikuwaje, nao wakamweleza kwa zamu, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Mama alisema amesamehe ila hataweza kulala tena chini ya mabati yale. Baba aliuliza kama hilo linaweza kuzungumzwa zaidi. Mshauri alimgeukia mama, mama akatikisa kichwa kukataa. Kikao cha sita hatukwenda. Mshauri alipiga simu kutaka kuturudishia fedha ya kikao hicho, nikamwambia abaki nayo.

Kuna watu shuleni huniuliza kama ushauri wa ndoa unasaidia, na kama bei yake ina maana. Huwaeleza bei na utaratibu, mengine sisemi. Nilitaka mama arudi nyumbani kwake, na hakurudi.

Baba bado huja Jumapili baada ya misa. Mama humpakulia ugali wa ulezi na hukaa chumba hichohicho mpaka amalize. Miaka yote ile, tangu msiba, baba alikuwa akimwita kwa jina langu, mama fulani, kana kwamba mimi ndiye wa kwanza. Mwezi uliopita, akiomba maji, alimwita mama wa yule dada yangu, kwa jina lake. Mama alisimama muda mrefu mlangoni akiwa ameshika kikombe. Kisha alikwenda kuchota maji, na baba akabaki ametazama sahani yake.